Mtetemo wa Gari la Selemani

Wenyeji walisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua Kamembe, mji huu wa mpakani kando ya ziwa. Walisema diploma yangu itaishia sokoni, ikifungiwa sambaza, dagaa wa ziwani. Walisema mtu aliyejifunza magari ubaoni hawezi kuyatengeneza matopeni, kwamba nitauza ovaroli langu la bluu kabla halijapata doa la kwanza la grisi, na kwamba nitarudi Tanzania nilikotoka, maana hata Kiswahili changu kilikuwa "ya redio". Nayaandika haya kwanza kwa sababu nayakumbuka neno kwa neno, na kwa sababu, sioni haya kukiri, nimeishi miaka mingi nikifurahia kwamba walikosea. Leo nina gereji kando ya njia ya uwanja wa ndege, yenye mashimo mawili ya saruji, mashine ya kusoma kompyuta za magari, na mafundi wanaoniita Patron. Sikurithi hata bisibisi. Mtu akipita pale mbele anaona jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya geti, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, neno "Diplômé". Nililiandika mwenyewe, na nikilipaka rangi upya kila mwaka silipunguzi.

Mwezi uliopita tulimzika Selemani. Baada ya makaburini tulirudi kwake, tukakaa kwenye mikeka uani, tukapewa chai ya tangawizi na andazi. Kijana mmoja wa mtaa, ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa mambo haya, akanionyesha kwa mgeni aliyetoka Bukavu akasema, "Huyu mzee hapa, hakuna gari ilimushindaka. Hata moja." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mke wa Selemani alikuwa mlangoni na birika mkononi. Akanitazama mara moja, kisha akaendelea kumimina. Nami nikatazama kikombe changu. Gari moja lilinishinda, na lilikuwa la marehemu. Yeye alijua, Mzee Idi mwenye gereji niliyoanzia alijua, na wote wawili sasa wako chini ya udongo. Nikinyamaza mimi na mke wake, itabaki kuwa kweli kwamba hakuna.

Mwaka ule nilioteremka Kamembe na begi moja, gereji ya Mzee Idi ilikuwa uwanja wa udongo mweusi kwa mafuta, umezungushiwa mabati yaliyotobolewa na kutu, na ndani yake mafundi wanne, kila mmoja na kona yake. Mzee Idi hakuwa amesoma zaidi ya chuo cha Kurani. Alijifunza kwa kushika, tangu malori ya zamani, na alikuwa akisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, macho yamefumbwa. Alinipa kona bila kuniuliza kodi, na akaniazima funguo zake za akiba, spana za zamani nzito, akisema tu, "Utarudisha siku utakuwa na pesa yako." Chakula nilikula kwa Maman Furaha, mama wa kutoka Bukavu aliyekuwa na mkahawa wa meza tatu ng'ambo ya barabara: bugali, sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa vizuri, na sambaza siku ziwa lilipokuwa jema. Alinilisha kwa ahadi. "Diplome," aliniambia mara ya kwanza nilipokosa pesa, kwa sauti ya kusikika meza zote, "hiyo karatasi yako, haiwezi kupikwa? Basi kaa, ule. Utalipa siku injini zitakupenda." Wote wakacheka. Nikala huku nimenuna, nikala yote.

Selemani alinikuta hapo hapo. Alikuwa dereva wa taksi kati ya Kamembe na mpaka wa Rusizi, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, anayekaa kwenye kiti kana kwamba kiti ndicho kimemkalia. Baada ya kuendesha magari ya watu tangu ujana, alikuwa amenunua la kwake: gari dogo jeupe la Kijapani, lililokwisha kuzeeka lilipofika, usukani kulia, na injini ya injection. Miaka ile mafundi wetu walizoea kabureta. Injection waliiogopa kama nyoka aliyelala ndani ya sanduku. Siku hiyo nilikuwa nikieleza meza nzima jinsi kompyuta inavyopima hewa na kuamua petroli, na nakiri nilikuwa nikieleza kwa sauti. Selemani aliweka kijiko chini. "Mudogo wangu," akasema, "hayo yote unajua, ama umesikia tu?" Nikamwambia nimeyafanyia mtihani. Akanitazama muda. Wiki hiyo hiyo alinikopesha pesa za kodi ya chumba na za kununulia seti mpya ya spana, pesa alizokuwa ameziweka kwa ajili ya bati la nyumba yake. Mke wake aliniambia baadaye kwamba alimpinga. Alimjibu, "Watu wote wanamucheka. Muntu mwenye watu wote wanamucheka, atafanya kazi."

Kwa hiyo gari lake lilipoanza kutetemeka, lilikuja kwangu, na hakuna aliyeshangaa. Likitembea, halikuwa na neno. Likisimama na injini ikiwaka, lilitikisika hadi kioo cha ndani kikageuka. "Pale kwa barrière ya mpaka," Selemani aliniambia, "nikisimama, volani inacheza mikononi kama muntu ya malaria. Bateja wananiuliza kama gari iko nakufa." Kisha akasema neno ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko dua yoyote. "Na nikikanyaga frein, inazidi. Mara ingine inataka kuzimika. Na frein yenyewe imekuwa nguvu kidogo, lazima usukume." Nikacheka. Nakumbuka nilivyocheka, kwa pua. Nikamwambia, kwa neno la huku la kaka mkubwa, "Yaya Selemani, breki na injini ni mashamba mawili. Wewe niachie injini. Breki tutabadilisha pedi, basi." Chuoni, breki tulisoma mwaka wa kwanza kwa mwalimu mmoja, na ralanti ya injection, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama, mwaka wa tatu kwa mwalimu mwingine, katika jengo la upande wa pili wa uwanja. Nilifaulu yote mawili vizuri. Hakuna mtihani uliowahi kuyaweka kwenye karatasi moja.

Nilifanya kazi ile kwa utaratibu, hilo hakuna wa kuninyima. Nilitoa buji, zile plagi za kuwashia, nikazisafisha, nikapima nafasi zake, mwishowe nikaweka mpya. Nilichomoa waya za buji moja moja injini ikiwaka, nikitafuta silinda ipi haifanyi kazi; zote zilifanya. Nilipima mgandamizo, ukawa sawa kwa umri wa gari. Niliosha mlango wa hewa uliokuwa mweusi kama sufuria ya mkaa, nikaosha na kijivalvu kinachoipa injini hewa ikiwa imetulia. Nilisikiliza sindano za petroli, zikagonga zote nne kama saa. Nikawaza hewa ya wizi, ile inayoingia bila kupimwa, nikanyunyizia petroli kidogo kidogo kwenye kila mpira na kila gasketi, nikingoja injini ibadilishe sauti. Haikubadilisha. Nilifika hata kwenye mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bakuli la breki, lile linalotumia mvuto wa injini kumsaidia dereva kukanyaga. Nikauminya kwa vidole. Ulikuwa mzima, hauna ufa. Nikaendelea mbele. Laiti ningeubana kwa koleo kwa muda wa kuhesabu hadi tano, hewa isipite, injini ingetulia pale pale kama mtoto aliyepewa titi, na ningejua kwamba mpira ni mzima lakini bakuli lenyewe limepasuka ndani. Leo hicho ndicho kitu cha kwanza nifanyacho kwa gari lolote linalotetemeka likisimama, na mafundi wangu hudhani nilifundishwa chuoni.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake. Gari likimshinda fundi, alinawa mikono, akangoja chai ya saa nne wote wakiwa wamekaa, akasema mbele yao, "Hii imenishinda. Nani anaiona?" Anayeichukua hakuruhusiwa kucheka, na yule aliyeshindwa alisimama kando yake akimpa funguo hadi mwisho. Nilimwona Mzee Idi mwenyewe akisema hivyo mara mbili mwaka ule, tena mara moja aliniambia mimi, na nikalitengeneza, na akanipa mkono. Mimi niliiona kuwa desturi nzuri kwa watu wasio na karatasi. Siku ya tisa ya gari la Selemani, Mzee Idi alikuja kwenye kona yangu na kijiti cha udi kinachofuka, udi ule ule mke wake aliofukizia nyumba siku ya Ijumaa.

"Uniachie kidogo," akasema. "Hii moshi inaonyesha penye hewa inavutwa. Inapinda kuelekea tundu."

"Mzee, unataka kuifukizia majini?" nikamwuliza, na mafundi wakasikia, kama nilivyotaka wasikie. "Hewa nimeshaitafuta. Haipo."

Hakukasirika. Alikizima kijiti kwa vidole viwili, akakiweka nyuma ya sikio. "Haina neno," akasema. "Basi utatuambia saa nne."

Saa nne ilipofika nilikunywa chai yangu nikazungumza juu ya mechi ya mpira. Mchana nilifanya kile nilichokuwa nikiwadharau wengine kwa kukifanya: nilichukua bisibisi nikaipandisha ralanti kwa skrubu yake, hadi injini ikaunguruma juu ya ugonjwa wake na mtetemo usisikike. Selemani alipokuja, gari lilikuwa limesimama linawaka, kioo kimetulia. Alizunguka akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anavyogusa paji la uso wa mwanawe. "Imepona?" akaniuliza. Nikasema, "Imepona." Alinichukua hadi kwa Maman Furaha akaagiza samaki mzima, akawaambia wote waliokuwamo, "Iko wapi mudomo yenu sasa? Iko wapi?" Mzee Idi alikuwa meza ya mlangoni. Alimaliza kula, akanawa, na alipopita kando yangu akasema polepole, "Muntu anayepiga kelele hajapona, mwanangu." Nikajifanya sikusikia.

Wasiolijua eneo letu waelewe kwamba kutoka Kamembe kwenda mpakani ni kushuka, kona baada ya kona, hadi mto unapoanzia ziwani. Madereva wetu wote walishuka na gia huru, injini ikitulia tu, ili petroli ya kushuka isitumike. Ilikuwa hesabu ya kila mtu, na Selemani hakuwa na sababu ya kuwa tofauti. Siku ya kumi na mbili baada ya mimi kusema imepona, asubuhi ya soko, alikuwa akishuka peke yake baada ya kuteremsha abiria. Kwenye kona alikanyaga breki. Lile bakuli likapitisha hewa ya wizi, injini ikazimika. Kukanyaga kwa pili, kanyagio likawa jiwe, na usukani ukawa mzito. Mbele yake walikuwa wamama wanapanda na mabeseni kichwani. Alichagua ukuta wa udongo upande wa kulia, upande wake mwenyewe. Ukuta uliingia hadi kwenye mguu. Hospitalini walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Gari lililetwa gerejini kwa kuvutwa, bawa la kulia, bati la juu ya gurudumu, limekunjwa kama karatasi, lakini injini haikuguswa. Lilikaa pale siku tatu bila mtu kulikaribia. Siku ya nne, wengine wakiwa wamekwenda swala ya adhuhuri, Mzee Idi aliniita. Aliwasha injini, akawasha kijiti cha udi, akaninyooshea. "Ingia. Weka hapo chini, penye miguu." Niliinama kwenye sakafu ile, palipokuwa bado na doa la damu. Moshi ulipanda wima kidogo, kisha ukapinda. Ukanyooka kama uzi unaovutwa na mtu, ukaingia nyuma ya kanyagio la breki, penye fimbo yake, na nikasikia sauti ndogo: fsss. Nilikuwa nimetafuta siku tisa chini ya boneti. Nilikaa nimeinama hivyo mpaka udi ukaniunguza kidole. Mzee Idi alizima injini. Sikuona hasira usoni mwake, na ningeipenda zaidi hasira.

"Nani anajua?" nikamwuliza.

"Wawili."

"Mzee..."

"Mimi siwezi kusema kitu ya muntu mwingine," akasema. "Utamwambia weye."

Sikumwambia. Nilikwenda kwake kila Jumapili na sukari, sabuni, siku nyingine nyama. Chumba chao cha mbele kilikuwa na kitanda walichokihamishia pale ili aone barabara kupitia dirishani, na juu ya ukuta palikuwa na ufunguo wa pili wa gari umetundikwa kwenye msumari. Nilikaa kwenye kigoda. Na mambo niliyoyasikia pale ndiyo yaliyoniponda, kwa sababu Selemani alikuwa ameshapata mkosaji. Kila mgeni aliyeingia alimweleza upya: "Kosa ni yangu. Nilitoa gia. Ningeacha gia mbili, moteri ingenishika. Niliua mguu yangu sababu ya petroli ya faranga kidogo." Mke wake, akitwanga sombe mlangoni, alijibu kwa uchungu, "Nilikuambia kila siku, usitoe gia. Ubahili wako!" Naye akainamisha kichwa kama mtoto. Aliyasema hayo mbele yangu, akinigeukia nimuunge mkono, mimi mwenye elimu. "Si kweli, Diplome? Ukitoa gia, gari iko yenyewe." Nami nikasema, Mungu anisamehe, "Gia huru ni hatari, ndiyo." Halikuwa neno la uongo. Nimejifunza tangu hapo kwamba naweza kudanganya vizuri zaidi kwa maneno ya kweli.

Na mwaka huo huo kazi yangu ikafunguka. Magari ya injection yalizidi kuja, kutoka Giheke, kutoka ng'ambo ya mpaka, na mafundi wengine wakayasukuma kwenye kona yangu. Nilianza kuubana mpira ule kwanza. Nilianza kuwasikiliza madereva hadi mwisho wa sentensi. Sifa zikaenea, na kila sifa iliyonifikia niliipokea kwa kichwa kilichoinuliwa, maana ndivyo nilivyoumbwa, kisha Jumapili nikaenda kukaa kwenye kigoda kile. Gari jeupe lilibaki kwenye kona ya mabati. Nilinyoosha bawa lake, nikalipaka rangi, nikabadilisha taa. Bakuli la breki sikuligusa. Wengine walidhani nasubiri kipuri.

Kisha ikafika siku ambayo nilikuwa na pesa ya kumrudishia kila aliyeniinua. Nilikuwa nimeiota siku hiyo tangu nilipofika, na nilivaa shati jeupe. Maman Furaha alizipokea pesa zake, akazitia kifuani bila kuzitazama, akapiga kelele barabara nzima isikie, "Karatasi imeiva! Karatasi ya Diplome imeiva, mukuye mule!" Nilicheka naye. Mzee Idi nilimrudishia funguo zake nilizozisafisha kwa petroli zikang'aa, na bahasha ya kodi ya kona. Alichukua funguo. Bahasha aliisukuma nyuma juu ya meza kwa kidole kimoja. "Hii utaniletea jioni," akasema, "ukitoka kwa Selemani."

Nilimkuta Selemani amekaa nje na magongo yake. Nilimpa pesa, yote, ya chumba na ya spana. Alifurahi hadi macho yakamjaa maji. Alisema sasa atanunua bati, alimwita mke wake aje aone ni nani aliyekuwa na akili katika nyumba hii. Nilingoja mke wake aje, kwa sababu na yeye alistahili kusikia. Kisha nikasema, "Yaya, si gia. Ile siku si gia." Nikawaeleza wote wawili pale pale, nimesimama, kuanzia kucheka kwangu hadi skrubu ya ralanti hadi udi. Mke wake aliketi chini kwenye udongo. Selemani alijivutia magongo yake, akasema, "Nipeleke nione."

Tulikwenda polepole kwa sababu ya magongo. Mafundi walipotuona walitoka getini mmoja mmoja, wakatuacha peke yetu. Nilimsaidia kuingia upande wa abiria, nikakaa kwenye kiti chake, nikawasha. Gari likaanza kutetemeka, maana ralanti nilikuwa nimeirudisha mahali pake. Akanitazama. Nikakanyaga breki kwa mguu wangu. Mtetemo ukazidi, na akainama, akateremsha sikio lake karibu na goti langu, akasikia.

"Ni hii tu?" akauliza, bado ameinama.

"Ni hiyo."

"Hii kidude, ungejua, ingekuchukua siku ngapi kutengeneza?"

Nilitaka kumpa jibu refu. Nilikuwa na maneno mengi ya kitaalamu.

"Asubuhi moja," nikasema.

Alibaki vile, sikio chini, hadi injini ikazimika yenyewe. Kisha akainuka, akazitoa pesa za bati mfukoni, akazikunja ndogo zaidi akazirudisha, akafungua mlango na kunyoosha mkono nje. Si kwangu. Mke wake alikuwa amefika, ndiye aliyempa magongo.